Uso wa Pichani na Uso wa Mwenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim

 

Kabla ya Ramadhani iliyopita, vijana wa madrasa yetu walinijia na shauri la kutoa kalenda yenye picha za walimu. Nikawakubalia, kwani niliona nia yao ni njema, na fedha zake zingesaidia kutengeneza paa la darasa la wasichana. Nikavaa kanzu safi, nikakaa kitini, na kijana mmoja akanipiga picha kwa simu yake. Kalenda ilipotoka nikaitundika ukumbini. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, akasimama mbele yake akaitazama sana, kisha akaniuliza: "Babu, huyu ni ndugu yako mdogo?"

Nikacheka, kisha nikavaa miwani nikaitazama mwenyewe. Kofia ilikuwa yangu, kanzu ilikuwa yangu, na ndevu zilikuwa zangu. Uso ndio uliokuwa mgeni. Shavuni nilikuwa nimeumwa na mbu usiku wa kuamkia siku ile, na uvimbe wake umeondolewa, hilo sikulisikitikia. Lakini makunyanzi ya pembeni mwa macho, yaliyonichukua miaka sitini na zaidi kuyapata, yamefutika yote. Kovu la juu ya nyusi, nililolipata utotoni nilipoteleza kwenye ngazi za chuo, halipo. Ngozi inang'ara kama kikombe cha kaure. Na sugu ya sijda katika kipaji cha uso nayo imekwenda.

Nilimwita yule kijana nikamuuliza. Akanijibu kwa adabu: "Maalim, sugu sikuifuta mimi. Programu yenyewe iliona ni doa, ikaiondoa."

Si kwamba najisifu kwa alama ile, msomaji. Wako wengi wanaosali kuliko mimi na hawana alama yoyote, na riya ni jambo la kuogopwa. Lakini neno la kijana yule lilinikaa moyoni. Chombo hakijui sijda wala hakijui ndui, wala hakijui jua la ngalawani. Kinajua kitu kimoja tu: ngozi isiyo na chochote. Kila kinachopungua hapo, kwake ni doa. Ndipo nikaona niandike machache juu ya sanaa hii ya kulainisha nyuso katika picha, maana imeingia majumbani mwetu sote. Sikusudii kuiharamisha yote, wala kuiachia yote, bali kuipima.

RUHUSA YA PICHA IMESIMAMA JUU YA NINI?

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya picha za kamera tangu zilipoenea. Wako waliozikataza, wakaziingiza katika makatazo ya kuchora vyenye roho, na wako walioziruhusu. Miongoni mwa walioruhusu ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, ambaye aliandika risala makhsusi juu ya jambo hili. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba kamera haiumbi wala haichori; inazuia kivuli cha mtu tu. Na wengi waliokuja baadaye hupiga mfano wa kioo: mtu husimama mbele ya kioo ikaonekana sura yake, na hakuna aliyesema kuwa kioo kimechora. Tafauti ni kwamba kioo hakishiki, na kamera inashika.

Sasa zingatia. Ikiwa ruhusa yenyewe imejengwa juu ya kwamba picha ni kivuli kilichozuiliwa, basi kila mkono unapoingia kuongeza na kupunguza, msingi ule unatikisika. Sisemi kwamba kufuta chunusi moja kunaigeuza picha kuwa sanamu. Nasema kuna mpaka, na mpaka huo huonekana kwa jicho la kawaida, na mafundi wazuri wa kazi hii wanaujua hata kama hawakusoma fikihi.

KAZI HII SI MPYA

Vijana hudhani kuwa jambo hili limezaliwa na simu. La. Ufundi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita miaka ishirini watu wakaanza kuupitishia mkono. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1855, mpiga picha wa Munich aitwaye Franz Hanfstaengl, kama inavyosimuliwa, alionyesha picha mbili za mtu yule yule, moja imetengenezwa na nyingine haikuguswa, na watu wakastaajabu. Tangu hapo ikajulikana kwamba kamera nayo inaweza kufundishwa kusema uongo.

Huku kwetu pwani studio za picha zilikuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Unguja palikuwa na studio ya Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo picha zake zimo katika nyumba nyingi za visiwani. Mombasa nako zilikuwapo. Mimi nilipokuwa mtoto wa chuo nilikuwa nikipita kila siku mlangoni pa studio moja ya Muhindi, naye fundi wake alikuwa mtu mwema, hakuwafukuza watoto. Nilisimama nikamtazama akifanya kazi.

Alikuwa na ubao umeinama kama rehani ya msahafu, una tundu katikati na kioo chini yake cha kurudisha mwangaza wa dirisha. Juu ya tundu ataweka ile negativu, ambayo ndani yake kila kitu kimegeuka: cheupe kimekuwa cheusi na cheusi kimekuwa cheupe. Atapaka mafuta maalumu yenye utomvu ili penseli ishike. Kisha atachukua penseli ngumu, iliyochongwa ncha ndefu kama sindano, aanze kutia vidoto vidogo vidogo mahali palipokuwa na doa au kunyanzi. Kila kidoto kinazuia mwanga kidogo, na picha ikitolewa karatasini, pale pametoka peupe zaidi. Uso mmoja ulimchukua muda mrefu. Filamu za zamani khasa zilihitaji kazi hiyo, kwa sababu hazikuuona vyema wekundu. Chunusi ndogo ilitoka nyeusi kama nukta ya wino.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hafuti mara moja akamaliza. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha dukani, kwamba ukifuta yote, mwenyewe atakuja kuichukua picha na hatajijua. Neno hilo nalikumbuka mpaka leo, na nadhani ndilo neno la hekima kubwa kuliko yote niliyoyasikia juu ya kazi hii.

PICHA YA MZEE WANGU

Ninayo picha ya marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, iliyopigwa kabla sijazaliwa. Baba aliugua ndui utotoni, akapona, na uso wake ukabaki na vishimo. Katika picha ile mkono wa fundi umepita. Ukiishika kwa upande kwenye mwanga na kuitazama kwa makini utauona. Chini ya macho pamepunguzwa kiza cha uchovu, na shavuni penye kivuli kikali vishimo vimelainika kidogo. Lakini vipo. Unaviona, na unaona ngozi, na upande wa pua una kivuli chake. Ndugu zake waliomjua walipokuwa wakiitazama hawakusema "ametengenezwa", walisema "ndiye".

Ugonjwa ule, alhamdulillahi, umeondoka duniani. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha. Nyuso zenye alama zile zinatutoka moja moja. Wajukuu zangu hawajui ndui ni nini. Waijuacho ni uso wa babu yao mkuu ukutani, nami huwasimulia kwa kuwaonyesha: tazameni, hii ndiyo balaa ambayo Mwenyezi Mungu alituokoa nayo. Lau fundi yule angekuwa na chombo cha leo na akili ya leo, angevifuta vishimo vyote kwa kugusa mara moja, na mimi nisingekuwa na cha kuwaonyesha. Ningebaki na picha ya kijana mzuri asiye baba yangu.

UFUNDI WENYEWE NA KASORO ZAKE

Tuwe waadilifu, tuseme na wema wa sanaa hii. Mafundi wa leo wana vyombo ambavyo fundi wa penseli hakuviota. Programu ya Photoshop, iliyotungwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilianza kuuzwa mwaka 1990. Na mwaka 2002 ikaongezwa brashi inayochukua ngozi safi ya jirani na kuiweka mahali penye doa, ikilinganisha mwangaza na rangi mpaka usione mshono. Fundi stadi anajua pia kuitenga picha katika matabaka mawili: tabaka la rangi na mwangaza, na tabaka la vitundu vya ngozi na vinyweleo. Akitaka kupunguza baka la kiza hutengeneza tabaka la kwanza na kuliacha la pili kama lilivyo, ndipo ngozi ikabaki ngozi. Kazi kama hiyo huihisi, huioni. Hufanywa kidogo kidogo, na kila mara fundi huirudisha picha mbali aitazame nzima, kwani anayeinamia doa moja kwa nusu saa huusahau uso.

Programu za simuni ni khabari nyingine. Tangu mwaka 2013, zilipoanza kuenea zile za kulainisha uso kwa kidole kama Facetune, kazi ya saa nzima imekuwa ya nukta moja, na nyingi kati ya hizo hazitengi matabaka wala hazichagui. Hutia ukungu uso mzima. Na simu nyingine huja kutoka dukani zimekwisha kuwekewa kulainisha, mwenye simu hajui.

Nitakupa, msomaji, njia ya kuijua picha iliyozidishwa, nawe jaribu leo kwa picha zilizomo nyumbani mwako. Tazama kwanza shavu na kipaji: je, vitundu vya ngozi vipo, au ni kama sabuni iliyolowa? Tazama pembeni mwa pua na chini ya mdomo: vivuli vikiondoka hapo, uso huwa bapa kama mkate wa maji. Tazama macho: yaking'ara kuliko taa, mkono umepita. Kisha, na hili ndilo kubwa, tazama shingo, masikio na viganja. Mara nyingi fundi wa haraka hulainisha uso akausahau mkono, ukaona uso wa msichana wa miaka kumi na minane umeshikwa na mkono wa mama wa miaka hamsini.

Na hapa kuna jambo la ajabu. Mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafii waliposema kwamba anayetaka kuposa aruhusiwe kutazama uso na viganja viwili, walieleza sababu: uso hujulisha uzuri, na viganja hujulisha hali ya mwili. Waliyasema hayo karne nyingi kabla ya kamera, na ndicho kipimo kile kile cha kuujua ukweli wa picha.

Basi mpaka uko wapi? Mafundi wazuri wana desturi moja, nayo ni hii: kinachopita, ondoa, kinachokaa, acha. Chunusi ya juzi, jasho, unyoya wa mto ulionasa kwenye nyusi, vumbi la kioo cha kamera, uvimbe wa mbu: haya si ya uso, ni ya siku ile tu. Kuyaondoa ni kama kujipangusa uso kabla ya kupigwa picha, na dini yetu yapenda unadhifu. Imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu nywele na ndevu zake zimetimka, akamwashiria atoke akazitengeneze. Lakini kovu, baka la kuzaliwa, makunyanzi, vishimo vya ndui na rangi ya ngozi ni milki ya uso. Unaweza kuupunguza ukali wao pale kamera ilipouzidisha, kwani taa mbaya nayo husema uongo, humfanya mtu mzee kuliko alivyo. Kuyafuta ni kumwambia mwenyewe kwamba alivyo hafai.

NA WEUPE JE?

Nimesema kuwa penseli ya zamani ilikuwa ikitia weupe. Zingatia kwamba haikuweza jingine. Ili kuweka weusi ilimlazimu fundi akwangue kwa kisu. Kwa hiyo tangu mwanzo chombo chenyewe kilielemea upande mmoja, na jicho la watu likazoea kwamba picha iliyotengenezwa ni picha iliyopaushwa.

Zikaja picha za rangi, na hapo mambo yakazidi. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Rangi ya ngozi yake ikiwa sawa, picha imekuwa sawa. Wengine walitoka meno na macho tu, na uso umezama gizani. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Nasi tuliokuwa tukijiona hatutoki vizuri tulidhani kosa ni la nyuso zetu, kumbe kosa lilikuwa katika kipimo.

Leo kipimo kile kimehamia katika programu. Unabonyeza palipoandikwa "pendezesha", na ngozi haiwi laini tu, inakuwa nyeupe, na pua inakuwa nyembamba. Nani aliyeamua kwamba kupendeza ni kuwa mweupe? Mwenyezi Mungu katika Suratur Rum anatufahamisha kwamba kukhitalifiana kwa ndimi zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake kwa wenye kujua. Ishara ya Mwenyezi Mungu haifutwi kwa kidole kama vumbi.

Na usiseme, "Hiyo ni picha tu, Sheikh." Kinachoanzia pichani huishia ngozini. Mwaka 2018 madaktari wa ngozi wa Boston, Marekani, waliandika katika jarida la tiba kwamba wako watu wanaokuja kutaka wakatwe na kushonwa ili wafanane na picha zao wenyewe zilizolainishwa. Huku kwetu hakuna haja ya kisu. Mkorogo upo, unauzwa kwa kujificha na kwa dhahiri. Katika mafuta hayo ya kujichubua mna mengine yenye zebaki, ambayo ni sumu ya figo. Binti anayejiona mweupe pichani kila siku ataona kioo ndicho kinachomdhulumu.

PICHA YA POSA

Sasa nakuja katika jambo lililonifanya nisinyamaze. Miaka michache nyuma niliitwa kusuluhisha. Kijana wa watu wema, afanyaye kazi Ghuba, alikuwa akitafutiwa mke huku kwao. Familia moja wakapeleka picha ya binti yao kwa simu. Binti huyo, tabia yake njema na masomo yake mazuri, alikuwa na baka la kuzaliwa shavuni, kubwa kama kokwa ya tende. Binamu yake aliyepiga picha akalifuta, akampausha na kumlainisha, kisha akaituma. Wallahi hakutaka ila kheri.

Mama wa kijana akaja na shangazi wawili. Binti akatoka na sinia ya kahawa, akawaamkia. Yule mama akamtazama, akampokea kwa upole, kisha akamuuliza mbele ya watu: "Mwanangu, na yule dada yako wa pichani yuko wapi?"

Hakukusudia kumvunja, aliuliza kwa dhati. Lakini binti akaiweka sinia chini akaingia ndani, na hakutoka tena siku ile.

Nilipozungumza na baba wa kijana aliniambia: "Sheikh, si baka. Mimi mwenyewe ninalo. Lakini ikiwa wametuficha hili linaloonekana, nitajuaje lile lisiloonekana?" Sikuwa na jawabu. Posa ikavunjika. Na binti, ambaye hakuomba picha yake iguswe na aliiona baada ya kutumwa, ndiye aliyebeba mzigo wote. Shangazi yake alinieleza kwamba kwa miezi alikuwa akijifunika shavu kwa mtandio hata mbele ya wanawake wenziwe. Alikuwa ameishi miaka ishirini na mbili na baka lile bila ya kuliona kuwa ni aibu, na aliyemfunza kwamba ni aibu ni jamaa yake ampendaye.

Msomaji, nani asiyeijua khabari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta juu pakavu na chini pamelowa? Mwenye mali akasema kuwa ni mvua iliyonyesha. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha ikabainishwa kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Imepokewa na Muslim. Tena tumekatazwa kumfunga mnyama asikamwe siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Na mnunuzi aliyedanganywa hivyo akapewa khiyari ya kumrudisha. Ikiwa hadaa ya kiwele cha mbuzi imewekewa hukumu, hadaa ya uso wa binti wa Kiislamu katika ahadi ya ndoa tuiite jina gani?

Mughira bin Shuuba alipoposa, Mtume (S.A.W.) alimhimiza akamtazame, kwa kuwa hilo linaelekea zaidi kudumisha mapenzi baina yao. Aliambiwa akamtazame yeye mwenyewe. Picha, hata iwe safi, haichukui mahali pa kutazama; na picha iliyoghushiwa ni mbaya kuliko kutokuwa na picha kabisa. Wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa ndani palikuwa na dhahabu, sisi ndio tuliopaka rangi ya mkakasi juu yake.

Na asidhani mtu kwamba naona kila mkono katika picha ni ghushi. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha katika studio yake, na aliyeitazama kazi ya namna ile alijua kuwa ni ubunifu wa fundi, hakuna aliyehadaika. Hadaa ni pale mkono unapojificha ukasema haukupita.

HATA WENGINE WAMESHTUKA

Wale tuliodhani hawajali nao wameanza kuweka mipaka. Uingereza, mwaka 2011, chombo kinachosimamia matangazo kiliyazuia matangazo mawili ya vipodozi vya L'Oréal, moja lenye picha ya Julia Roberts na jingine ya Christy Turlington, kwa kuwa kampuni haikuweza kuthibitisha kwamba picha hazikuzidisha kazi ya kipodozi. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya tangazo ambayo umbo la mwanamitindo limekondeshwa au kunenepeshwa lazima iandikwe kuwa imetengenezwa. Norway, tangu Julai 2022, tangazo lililobadilishwa umbo au ngozi ya mtu sharti libandikwe alama. Hao walitazama biashara na afya za vijana wao. Sisi tunayo hayo, na tuna na amana juu yake.

NASAHA

Kwanza, kwenu mafundi wa picha na vijana wenye simu. Ombeni idhini kabla ya kugusa uso wa mtu, kwani uso ni wake. Ondoeni kinachopita, acheni kinachokaa, na rangi ya ngozi msiiguse ila kuirudisha ilivyo. Mkimaliza, iwekeni picha ya asili kando ya mliyoitengeneza. Mkiona haya kumwonyesha mwenyewe zote mbili, mmevuka mpaka.

Pili, kwenu wazazi. Picha ya posa isipitiwe na mkono wowote. Na picha za mabinti zisitumwe ovyo, maana ikishatoka simuni mwako hujui italala wapi.

Tatu, kwenu kina mama, kina bibi na kina shangazi. Mnapompamba bi harusi kwa hina, wanja na asumini, hayo ni mapambo ya dhahiri, kila mtu anajua ni mapambo. Lakini msimwambie mtoto kila siku, "Ngoja nikutengeneze, hivyo hujapendeza." Anasikia, na anaamini.

Nne, kwako kijana wa kike au wa kiume. Katika Surat Tin Mola wako amekujulisha kwamba amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora. Unapoufuta uso wako usiku ukitafuta mwingine, kumbuka neno hilo, kisha lala.

Nami nimalizie na kalenda yangu. Wiki mbili baada ya mazungumzo yetu, kijana yule alirudi na picha nyingine, ameitoa upya kutoka ile ya asili. Uvimbe wa mbu ameuondoa, na mng'aro wa jasho puani ameupunguza. Sugu ipo, kovu lipo, na makunyanzi yote yapo, nami niliyahesabu. Nikamwita mjukuu wangu nikamwonyesha bila ya kumwambia kitu. Akaitazama kidogo tu, akasema, "Babu," akarudi kucheza.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupambe kwa ukweli, na azing'arishe nyuso zetu Siku ile ambayo nyuso nyingine zitang'ara na nyingine zitasawijika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.